Supu ya Mwani Siku ya Mtihani

Ni asubuhi, na kwenye benchi la kituo cha utafiti wa ubongo mjini Suncheon, Korea Kusini, wazee wanne wanatafuna peremende za kunata, kama wanafunzi wanaosubiri kuitwa kwenye mtihani.

"Babu Pyo, tema hiyo," anasema Tak Mi-ran. "Ukilala chali nayo itakukaba."

"Nikiitema na majibu yanatoka nayo. Mwaka juzi sikutafuna, nikakosa hata tarehe."

"Mwaka juzi ulitafuna, babu, na tarehe ukaikosa vilevile."

Benchi zima linacheka. Peremende inanatisha majibu kichwani, ndivyo wanavyoamini. Supu ya mwani, ambayo kwa desturi yao hunywewa siku ya kuzaliwa, siku kama hii haiguswi, maana mwani huteleza na majibu yakateleza nao.

Mi-ran, mwenye umri wa miaka 47, ndiye anayewalaza wazee kwenye mashine ya MRI. Kila baada ya miaka miwili wanarudi walewale, wanapimwa kumbukumbu kwa maswali, kisha ubongo wao unapigwa picha. Watafiti wanalinganisha picha mpya na za zamani, wapate kujua kwa nini mmoja anazeeka na akili zake timamu na mwenzake anasahau njia ya nyumbani. Hakuna anayefeli. Amewaeleza hivyo hadi amechoka, lakini wazee wameshaamua ni mtihani.

Mwezi wa tatu mwaka huu zamu ilimfikia mama yake mzazi, Noh Gap-sun, mwenye umri wa miaka 79. Aliingia kwenye utafiti huo miaka sita iliyopita, akiwa mzima kabisa, kwa kuombwa na binti yake.

"Nilimtania kwamba nataka kuona kichwani mwake mna nini," anakumbuka Mi-ran. "Akaniambia, 'Utakuta malalamiko yako tu.'"

Sufuria zilikuwa zimeanza kuungua nyumbani kwa mama huyo, lakini Mi-ran alijiambia ni uzee. Siku hiyo mwenzake kazini alijitolea kumpokea mama, naye akakataa. "Nilitaka anione mimi, asiogope."

Mama aliletwa na jirani, mkononi ana themosi. Kanuni inataka kila mtu aulizwe jina, hata unayemjua.

"Jina lako, mama?"

"Mama Mi-ran."

Hilo halikumshtua. Mtaa mzima haumwiti jina jingine tangu alipojifungua. Akamwomba aiache themosi nje, kwa kuwa ni ya chuma.

"Basi nishikie, binti. Ni supu ya mwani. Leo ndiyo siku aliyozaliwa mwanangu, na anafanya kazi humu humu. Mpe, mwambie ainywe ingali moto."

Mi-ran alishusha barakoa makusudi, uso wote ukaonekana. Mama akamtazama, akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayesubiri kuhudumiwa.

"Wewe hujaionja, mama?" Ni hilo tu lililomtoka.

"Niionje vipi? Mimi nina mtihani."

Na kweli ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Mi-ran, kwa kalenda ya mwandamo wa mwezi wanayoifuata nyumbani. Mwenyewe alikuwa ameisahau.

Kusoma picha si kazi ya Mi-ran. Lakini ameziona nyingi mno. Ile sehemu ndogo inayotunza kumbukumbu, kulia na kushoto mwa ubongo, ilikuwa imesinyaa.

"Nililia nikiwa nimebonyeza kitufe cha kuongea, akanisikia kutoka ndani ya mashine. Akauliza, 'Binti, nimefeli?' Nikamwambia, 'Umefaulu, mama.'"

Supu Mi-ran aliinywa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ilikuwa imetiwa chumvi mara mbili au tatu, haimezeki. Aliinywa yote, na huzuni ya siku ile bado anayo.

Sasa wanaishi pamoja. Kuna siku mama anamtambua na kumgombeza kama zamani, na hizo ndizo siku nzuri. Nyingine anamshukuru kwa chakula kama mgeni.

Mwezi wa kumi mama anatimiza miaka 80. Mi-ran ameshanunua mwani.

"Supu nitaipika mimi. Akinijua, nitakaa naye tunywe. Asiponijua, nitamwambia, 'Mwanao Mi-ran kanituma, anasema uinywe ingali moto.'"