Swali la Ngano

Baba yangu alikuwa mtu wa ngano. Mahindi aliyaita chakula cha kuku, na kusema hivyo karibu na Moi's Bridge ni kutafuta maneno na majirani wengi. Basi gazeti lilipoandika kwamba waziri anakwenda Ulaya kujadiliana habari za nafaka, hamu ya kula ikamwisha. Waziri akikubali ngano ya wazungu iingie kwa wingi, yetu itanunuliwa na nani? Na zilikuwa zimebaki wiki tatu mvua ianze. Mahindi hayangoji, kwa hivyo kufikia hapo ilikuwa lazima awe ameamua atapanda nini.

Mimi nilikuwa taipisti Eldoret mjini, na kwa kuwa nilipiga taipu kwa vidole vyote kumi, nyumbani nilihesabiwa wakili.

"Andikia mheshimiwa wetu swali," Baba akaniambia. "Kazi ya Bunge ni kumuuliza waziri ameenda kuahidi nini huko."

Kumuuliza waziri, miaka ile! Chama kilikuwa kimoja, na mdomo nao ulitakiwa uwe mmoja. Nikatanguliza mistari minne ya sifa, kwa serikali, kwa chama, kwa waziri na hata kwa safari yenyewe, ndipo nikalipenyeza swali kule chini: je, waziri anakwenda kukubali nini kuhusu ngano? Mbunge alisoma, akazipenda sana zile sifa, akalipeleka.

Likapangiwa siku. Baba alianika betri za redio juani tangu asubuhi, na jioni majirani wakajaa sebuleni, hata wale wa mahindi. Mtangazaji akasema swali la mbunge wetu liliitwa mara mbili, mwenyewe hayupo, likaangushwa. Ndiyo sheria ya Bunge: mwenye swali asipokuwepo, swali linakufa.

Kumbe mwenye swali alikuwa kwenye ndege. Waziri alisikia kuna mtu anataka kujua, akamwalika waende pamoja akajionee. Nilikasirika mpaka nikacheka.

Alirudi mawingu yakiwa yameshakusanyika, akaja kwetu na koti jipya zito la Ulaya. Mama akampa chai. Baba hakumngoja hata aipulize.

"Mheshimiwa, mlikubaliana nini juu ya ngano?"

"Mzee, mimi nilikaa nyuma kabisa. Hizo karatasi hazikufika kwangu."

"Sawa, lakini mwishowe ulisikia nini?"

"Mwishowe watu walipiga makofi, na mimi nikapiga."

"Ya nini?"

"Sasa Mzee, utakaaje hivi hivi na waziri wako anakuangalia?"

Baba akamwongezea chai, maana mgeni ni mgeni. Kesho yake alipanda mahindi shamba zima. Alifuata trakta, na mimi niliumia kumwona.

Majirani wachache wakaidi walipokuwa wanavuna ngano yao, tena nzuri, gazeti likaeleza ule mkutano ulivyokwenda. Ngano haikuguswa hata kidogo. Siku zote walizungumza mchele.

Baba alisoma habari hiyo amesimama katikati ya mahindi yake. Akaisoma tena, akalikunja gazeti.

"Hata yule aliyekaa na mheshimiwa huko nyuma angemwambia," akasema, "kama angemuuliza."