Mjomba Alivyofungwa kwa Utani

Wakati ule, kule Kenya, watu walikuwa wamekula kiapo na kuingia msituni na mapanga. Sisi Tabora hatukumjua hata mmoja wao. Hata hivyo amri ikatufikia kutoka Dar es Salaam: kila atokaye porini na silaha akaguliwe, aulizwe na habari za kiapo.

Mimi na mjomba tulikuwa warina asali. Siku hiyo tulirudi na madebe mawili na shoka moja, nami njiani naota baiskeli nitakayoinunua kwa asali ile, kengele nimekwisha kuipiga kichwani toka mtaa wa Isevya mpaka Kanyenye. Kwenye kizuizi tukamkuta askari tunayemjua, Mzaramo, pamoja na inspekta wa Kizungu, mgeni, Kiswahili chake cha kitabuni.

Wazaramo ni watani zetu Wanyamwezi tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani. Mtani hukutukana hata msibani kwako, nawe ukacheka. Basi askari akaanza:

"Nyie wapagazi, mmekula kiapo gani huko porini?"

"Tumekula, mtumwa wetu wewe!" mjomba akajibu. "Tumeapa kukukata kichwa, tukipike kwa nazi za kwenu."

Nilicheka mpaka debe likayumba. Askari naye alicheka. Inspekta hakucheka.

"Amekiri," akasema.

Hapo ndipo roho yangu inapochemka mpaka leo. Yule askari alijua! Neno moja tu lingetosha: "Bwana, huyu ni mtani wangu." Akatazama viatu vyake, akamtia mjomba pingu.

Mama alikwenda bomani mara tatu kuwaeleza utani ni nini. Wakamwambia usalama wa nchi hauna mzaha. Usalama wa nani, jamani? Mjomba hajapata kumpiga hata mbwa. Wenye mapanga wako mbali huko, pingu anavishwa mrina asali!

Walimwachia msimu wa asali umekwisha. Nilikwenda kumpokea, na aliyefungua lango la boma ni askari yule yule. Nadhani alitaka kutengeneza mambo, maana alipaza sauti kama zamani:

"Ee mpagazi, umenenepa kwa ugali wa serikali!"

Mjomba akavua kofia.

"Ndiyo, afande."

Askari akangoja. Nami nikangoja, namwomba Mungu mjomba amtukane, hata tusi dogo tu. Lakini alikuwa amekwisha kushika njia ya nyumbani, kofia bado mkononi.