Mama Pacha Amwaga Oili

Mama Pacha alikuwa mkunga kwa miaka ishirini na saba, na miaka yote hiyo hakuwahi kutamani gari, mpaka daktari mmoja wa hospitali yao alipohamishwa kikazi akaamua kuliuza la kwake. Lilikuwa gari la spoti: jekundu, milango miwili, limekaa chini kiasi kwamba kuingia ndani ilibidi ujikunje kama anayetafuta hereni uvunguni mwa kitanda. Alilinunua siku hiyo hiyo. Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alilizunguka mara mbili akauliza kama lingebaki hivyo au bado lilikuwa linaendelea kuzama.

Miezi ilipita, ukafika wakati wa kubadilisha oili. Walikwenda wote wawili gereji. Fundi akafungua boneti, akamgeukia Mwalimu. "Mzee, gari lako hili lina injini nzuri. Mwambie mama akae pale kwenye benchi, asichafuke."

Mama Pacha alimshika mumewe mkono, akamrudisha garini, wakaondoka.

"Nitamwaga mwenyewe," alisema walipofika kona ya kwanza.

"Unajua?"

"Nimezalisha watoto zaidi ya elfu tatu. Oili nayo inatoka kwa chini."

Jumapili asubuhi alivaa koti kuukuu la kazini, akafunga kitambaa kichwani, akalipandisha gari magurudumu yote manne juu ya mbao nene na kuyawekea mawe ili lisiteleze. Kisha akalala chali juu ya boksi lililokunjuliwa na kuingia chini kwa kujisukuma na visigino. Mwalimu aliketi kwenye kigoda na kitabu cha gari, kazi yake kusoma maelekezo. Mama yake mzazi, ambaye masikio yalikuwa yameanza kumwacha mkono, alisimama dirishani. Alichoona ni miguu ya mkwe wake tu ikichomoza chini ya gari.

"Amegongwa?" aliuliza.

"Hapana mama, anatengeneza," Mwalimu akajibu.

"Anapendeza? Na miguu ile?"

Huko chini Mama Pacha aliiona nati kubwa, akaipachika spana. Iligoma. Akavuta pumzi, akakaza mikono, nati ikaachia. Oili ikashuka kwenye beseni, angavu, ya rangi ya asali.

"Safi kabisa," alisema kwa fahari. "Unaona jinsi ninavyolitunza?"

Mwalimu alichungulia. Ilinuka kama mayai viza. Lakini kazi yake ilikuwa kusoma, akasoma: sasa chujio. Mama Pacha akalifungua, na safari hii oili nyeusi tii ikamteremkia mkononi mpaka kwapani.

"Mbona hii ni nyeusi na ile ni ya dhahabu?"

"Chujio ndilo linalokusanya uchafu, Baba Pacha. Hata jina lake linasema."

Jibu lilikuwa na mantiki, na Mwalimu aliheshimu mantiki. Chujio jipya likafungwa, nati ikarudishwa, zikamiminwa lita nne za oili mpya. Mama Pacha akaingia garini, akajipangusa vidole, akashika ufunguo.

Ndipo Mwalimu alipochomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa imevuka alama ya juu, ikaenda zake karibu na mshikio. Alikipangusa, akapima tena. Akaenda kupima na ya kwenye beseni.

"Usiwashe," alisema taratibu. "Tumetoa lita mbili. Tumetia nne. Na humo ndani, kwa hesabu yangu, zimo karibu nane."

Mama Pacha aliachia ufunguo. Akachukua kitabu mwenyewe, akafunua ukurasa wenye mchoro, akaukazia macho. Injini ilikuwa mbele. Nati aliyoifungua ilikuwa nyuma yake kidogo.

"Nimemwaga oili ya giaboksi," alisema.

Mwalimu alichukua pochi yake.

Akaenda kununua oili ya gia na nyingine ya injini, na aliporudi wakaanza upya. Mama Pacha akaingia tena chini na kuifungua nati ya injini yenyewe. Walichosahau ni kwamba beseni lilikuwa la lita tano.

"Linajaa," alisema.

"Limefika wapi?"

"Baba Pacha, nimeziba kwa kidole. Leta ndoo."

Mwalimu alikimbia jikoni, akakuta ndoo ina maji, akasimama kufikiria ayamwage wapi. Oili ikaendelea kupenya pembeni ya kidole.

"Imetoka?" mama mkwe akauliza kutoka dirishani.

"Inatoka, mama!" Mwalimu akapaza sauti.

"Usimharakishe."

Ndoo ilifika. Injini ikamalizika, ikafungwa, ikajazwa oili nyingine mpya mpaka kijiti kikaridhika. Ikabaki giaboksi, ambayo tundu lake la kujazia lipo ubavuni, mahali pasipofikika kwa faneli. Mama Pacha alitumia bomba kubwa la sindano la duka la dawa pamoja na kimpira chembamba, akaanza kulisha oili kidogo kidogo, kwa mkono ule ule mtulivu wa wodini. Mwalimu alihesabu kila bomba kwa sauti. Alipofika ishirini na sita, mama yake akamuuliza wanakula saa ngapi, hesabu ikampotea.

"Ni ishirini na sita au na saba?" alihangaika.

"Haina haja. Ikijaa itachuruzika yenyewe."

"Kwa hiyo nilikuwa nahesabu nini?"

Ilipochuruzika, akafunga. Gari likawaka papo hapo, likanguruma. Akalishusha kwenye mbao, akazunguka nalo mtaa mzima akiingiza gia moja baada ya nyingine, zote laini, kisha akarudi na kulipandisha tena ili akague kama panavuja. Palikuwa pakavu. Mama Pacha hakutoka huko chini. Mwalimu alisubiri, mwishowe akavua shati, akalala chali na kujisukuma mpaka ubavuni pake.

"Nionyeshe," alisema.

Mkewe akanyoosha kidole cheusi. "Nati ya injini hii hapa. Ya giaboksi ile pale."

Mwalimu alizitazama, moja kisha nyingine.

"Zinafanana," alisema.

"Sana," akajibu Mama Pacha.