Mpiga Pasi Anayempikia Mama Mkwe Siku za Wiki

Saa tano asubuhi, Jumamosi. Mvuke umejaa chumba cha kupigia pasi, na anayeingia mlangoni haoni watu, anaona mikono tu. Mikono ya mwisho kabisa, karibu na dirisha, ni ya Mama Pasi. Inatandaza kitambaa cheupe cha meza, inakinyoosha, inashusha pasi, inainua. Midomo yake inachezacheza. Mgeni angedhani anasali.

"Napika," anasema bila kuinua macho. "Hapa nilipo niko Jumatano. Nimekwama kwenye dengu."

Kicheko kinatoka ndani ya mvuke, upande wa mashine za kufulia. Wenzake wamemzoea. Kila Jumamosi mama huyu wa watoto wawili hupanga chakula cha familia yake cha wiki nzima, siku kwa siku, akiwa amesimama kwenye meza hiyohiyo aliyoisimamia kwa miaka kumi na moja. Anasema joto la pasi humlainishia akili. Huanza na shuka za hospitali, ambazo kwake hazina hadithi. Akifika kwenye vitambaa vya meza vya hoteli, ndipo ndoto zinapoanza.

"Kitambaa kinanifikia kimeshafuliwa, lakini doa la mtu aliyekula vizuri haliishi lote," anasema, akionyesha kivuli cha manjano kisichozidi ukucha. "Huyu alikula kitu chenye mchuzi mzito. Na hakuwa na haraka, namwona kabisa. Basi nakaa naye kidogo, halafu narudi kwenye kabichi yangu."

Analipwa kwa kipande, kwa hiyo bei za sokoni amezoea kuzihesabu kwa shuka. Kilo ya maharage ni shuka thelathini. Trei ya mayai ni shuka mia moja na kumi. Siku nzuri, umeme usipokatika, hupiga pasi shuka mia mbili. Mwaka jana kuku mzima alikuwa shuka mia na themanini. Wiki hii muuza kuku anataka mia tatu na arobaini.

"Karibu siku mbili nimesimama kwa ajili ya kuku mmoja," anasema. "Na yeye hajawahi kusimama hata dakika kwa ajili yangu."

Nyumba nyingi, bei ikipaa namna hiyo, hubadilisha tu. Kuku anaondoka, mayai yanaingia, watoto wananuna kidogo na maisha yanaendelea. Mama Pasi hawezi kufanya hivyo. Nyumbani kwake chakula cha siku hakihamishwi, na sababu yake ni mama mkwe.

Bibi, kama wanavyomwita watoto, ana miaka sabini na minane. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa mhudumu wa shule ya msingi, na kazi yake kubwa ilikuwa kugonga kengele. Walimu walikuja na kuhama, lakini shule nzima iliingia darasani, ikatoka kucheza na ikarudi nyumbani kwa mkono wake. Hakuwahi kuchelewa hata siku moja, na mpaka leo ukimtania kwamba aliwahi, atakununia.

Miaka mitatu iliyopita siku zilianza kumponyoka. Aliuliza leo ni lini, akajibiwa, akauliza tena kabla maji ya chai hayajachemka. Kalenda iliyokuwa ukutani aliitazama kama picha ya watu asiowajua. Mtu aliyewapa saa watoto elfu kadhaa akawa anaamka asubuhi hajui aelekee wapi, na jambo hilo lilimtia hofu hata akawa anashikilia nguzo ya kitanda.

"Sasa asubuhi moja nachemsha maharage," Mama Pasi anasimulia, "nasikia sauti kutoka chumbani: 'Mwanangu, leo Jumatatu, mbona hujaniamsha?' Na kweli ilikuwa Jumatatu. Nikabaki nimesimama na mwiko mkononi. Nikamwita mume wangu, nikamwambia, baba watoto, mama yako amerudi."

Hakuna muujiza mkubwa hapo. Kwa miaka mingi, kwa kubana matumizi, Jumatatu ya nyumba hiyo ilikuwa maharage. Kalenda ilikuwa imetoka kichwani mwa Bibi ikabaki puani.

Tangu siku ile wiki ikapigwa misumari. Jumatatu ni maharage, yaliyolowekwa tangu jana yake. Jumanne ni viazi na kabichi, Jumatano dengu zenye kitunguu saumu kingi. Alhamisi ni samaki, na hiyo, anasema, hata jirani mwenye mafua anaijua. Ijumaa ni kiporo: chochote kilichobaki kinatiwa nyanya na kugeuzwa supu. Jumamosi ni mayai, kwa sababu siku hiyo hana muda. Jumapili ni wali wa iliki na kuku.

Kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini, huinjika chakula cha siku hiyo, hata kama kitaliwa jioni, ili harufu itembee chumba kwa chumba na kumkuta Bibi kitandani. Jirani yao, mshonaji anayeshinda na Bibi siku za kazi kwa malipo ya bakuli la chakula, anasema naye amefaidika.

"Kalenda nilishaitupa," anasema mshonaji huyo. "Ukuta wangu unaniambia kila kitu. Ila Ijumaa ndiyo inanichanganya, inanukia siku zote kwa pamoja."

Mara moja tu Mama Pasi aliihamisha siku. Ilikuwa Jumamosi, mwaka jana. Aliona maharage yake yameanza kuingia wadudu, na mpishi yeyote mwenye akili angefanya alichofanya yeye: aliyachambua, akayainjika palepale yasiharibike, akaenda kazini. Mumewe, fundi bomba, alikuwa ameitwa kwenye nyumba iliyofurika maji. Watoto walikuwa wakicheza nyuma ya nyumba, na mshonaji hakuwepo siku hiyo.

Bibi akanusa. Kwa hesabu zake ikawa Jumatatu. Akatoa kabatini sare yake ya bluu, akafunga vifungo vyote, akatoka.

Walimpata saa tisa alasiri kwenye lango la shule lililofungwa kwa kufuli, amekaa chini, jiwe mkononi.

"Alikuwa anagonga lango kwa lile jiwe," Mama Pasi anasema. Pasi ameiweka pembeni sasa, jambo ambalo hajalifanya asubuhi nzima. "Akaniangalia, analia kama mtoto. Akaniambia, 'Mwanangu, nimegonga, hawaji.' Mimi ndiye niliyempotezea siku. Kwa sufuria ya maharage."

Anaichukua tena pasi na kumaliza pindo la kitambaa. Halafu anasema ndiyo maana wiki hii hana usingizi mzuri. Hela ya kuku mzima haipo, na asipompikia Bibi Jumapili, Bibi ataamka kwenye siku gani?

Saa tisa na nusu yuko sokoni na binti yake wa miaka kumi na miwili, mwenye daftari la wiki kwapani. Wanapita polepole mbele ya nyanya na vitunguu, kama watu waliokuja kutazama tu. Ni makusudi. Wauzaji hulainika jua likishuka, na Mama Pasi anajua kila mmoja hulainika saa ngapi.

"Mama Pasi, leo nimekuwekea jogoo," muuza kuku anaita. "Mwone anavyokutazama."

"Ananitazama kwa huruma, ndugu yangu. Amesikia bei yake."

"Chakula cha kuku kimepanda, unataka nile hasara?"

"Sitaki ule hasara. Nataka mimi nile shingo. Zile shingo na migongo unayowauzia watu wa mbwa, nipe."

Mpango huo si wake, ni wa binti. Msichana huyo, anayesema machache na kuandika mengi, ndiye aliyegundua kwamba Bibi husema "Jumapili" kabla kuku hajaingia sufuriani. Alimvizia wiki nne mfululizo na kuandika. Kwa maoni yake, Bibi hanusi kuku. Ananusa kitunguu kinachokaangwa hadi kuwa cha kahawia, pamoja na iliki.

"Hata Jumatatu tunakaanga kitunguu," mama anamjibu, akiwa na wasiwasi.

"Hakina iliki, mama."

Shingo sita, migongo minne na vipapatio vitano vinapimwa, na bei inafika shuka themanini. Hela zinazobaki zinatosha iliki ya kijiko kimoja, iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Njiani binti analinusa gazeti hilo mara tatu, mpaka mama yake anamwambia chovya chovya humaliza buyu la asali.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumapili. Jiko la nyumba hiyo linatosha watu wawili, na leo wamo watano, akiwamo mwandishi wa habari hii, aliyepewa kisu na vitunguu kabla hajafungua daftari lake. Nje bado kuna weupe mdogo tu. Mafuta yanaanza kusema. Hakuna anayeongea kwa sauti.

Fundi bomba anachungulia sufuriani na kuhesabu kwa kidole.

"Mama watoto, kuku huyu alikuwa na shingo sita?"

"Alikuwa anaangalia huku na huku," anadakia kitinda mimba wa miaka sita, na baba yake anaziba mdomo kwa mkono asicheke.

Kitunguu kinageuka rangi. Mama Pasi anafungua kile kipande cha gazeti, anaponda iliki kwa mgongo wa kijiko na kuimwaga yote. Harufu inapanda, inajaa jiko, inapita chini ya pazia na kuingia kwenye ujia wa vyumba. Ni harufu tamu, ya kivivu, na kwa dakika nzima watu wote watano wanasimama tu ndani yake, kila mmoja akiwa mbali na mwenzake.

Kitanda cha Bibi kinalia. Kisha kabati.

Mama Pasi analijua kabati hilo. Anapunguza moto na kugeukia mlango, na uso wake hauna tena usingizi wala ndoto. Mumewe ameacha kutabasamu.

Bibi anatokea kwenye ujia. Amevaa sare ya bluu. Vifungo vitatu vya chini vimefungwa, viwili vya juu bado, na mkono wake uko kwenye kifungo cha nne. Anatembea kama mtu mwenye kazi ya kuwahi. Binti anafumba macho. Mama Pasi anasema baadaye kwamba wakati huo aliliona lango la shule, kufuli na jiwe, vyote kwa pamoja.

Kwenye mlango wa jiko Bibi anasimama. Anainua uso kidogo. Mkono wake unabaki palepale kwenye kifungo kwa muda mrefu, mafuta yanatoa sauti, na mtu anaweza kusikia jirani mshonaji akifungua dirisha lake upande wa pili wa ukuta.

"Nyie watu," Bibi anasema. "Mmeniacha navaa wakati leo hakuna kengele?"

Anavifungua vifungo vyake taratibu, kimoja kimoja, akiwalalamikia wajinga wote wa nyumba hiyo. Mama Pasi anafuta macho kwa kiwiko na kumsingizia mwandishi na vitunguu vyake. Kisha anamvutia Bibi kigoda, na Bibi anakaa karibu na jiko kama mtu aliye likizo.

Mchana wanafamilia wote watano wanakula kwenye mkeka mmoja. Fundi bomba anapewa shingo mbili. Bibi anapewa kipapatio chenye nyama zaidi, anakila chote na kulamba vidole, kisha anaomba ukoko. Hajala hivyo tangu mwezi uliopita.

Mama Pasi ana mpango. Ndani ya mwaka mmoja anataka kununua pasi yake mwenyewe na kuweka meza chini ya dirisha la sebule, achukue nguo za mtaani. Atapata pungufu mwanzoni, anajua. Lakini atakuwa nyumbani siku zote saba, na Bibi akifungua kabati atamsikia. Tayari fundi bomba amepima dirisha na kuahidi kutengeneza miguu ya meza kwa mabomba yaliyobaki kazini. Kuhusu kuku, watamla mzima siku bei ikirudi na akili zake.

Jioni binti anafungua daftari la wiki kwenye ukurasa mpya. Anaandika iliki mbele ya Jumapili na kupigia mstari. Kisha anakaa na kalamu mdomoni.

"Mama, wewe ukizeeka ukasahau siku, Jumapili yako tutaipikaje?"

Kwa miaka yote hiyo Mama Pasi amewapangia watu watano chakula, na swali hilo halijawahi kumpitia. Anamtazama Bibi, ambaye amelala kwenye kiti, sare ya bluu imekunjwa mapajani.

"Msihangaike kupika," anasema mwishowe. "Pigeni shuka moja pasi, mniletee ikiwa bado ya moto. Nitajua ni Jumamosi na kazi imeisha. Njia ya kurudi kwenu nitaiona mwenyewe."

Binti anaandika.