Milango Niliyong'oa Tororo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa bisibisi. Nilikuwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa, kalamu imechomoza mfukoni, nami nikijua naenda kuwa karani mwenye meza na kiti chake. Meneja alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akavuta mtoto wa meza, akanipa bisibisi yenye mpini wa mti. "Kalamu weka," akasema. "Hii kwanza."

Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa stesheni, Tororo, zama za Mwingereza, na kazi yetu ilikuwa uwakala wa nyumba za kupanga. Ninyi mliozaliwa juzi mnadhani wakala ni mtu wa kukuonyesha chumba, akachukua chake, akapotea. Kwetu wakala ndiye aliyekuwa mwenye nyumba machoni pa watu, na mwenye nyumba halisi aligeuka kuwa jina tu ndani ya faili. Tulitafuta wapangaji, tukaandika hati ya upangaji, yaani karatasi ya mapatano ambayo asiyejua kusoma aliitia dole gumba. Tulipokea kilemba, ile fedha ya kuingilia chumba. Tulipaka kuta chokaa na kuzibua mifereji kabla Bwana Afya hajapita.

Huyu Bwana Afya alikuwa mkaguzi wa serikali, mtu wa kofia ngumu na fimbo nyembamba. Akikuta maji machafu yamesimama, au watu wamejazana chumbani, aliandika notisi. Notisi ya pili ilikuwa ya kufunga nyumba. Na kwa kuwa viwanja vile vilikuwa vya leseni tu, kiwanja chenyewe kilirudi serikalini. Mtu aliweza kulala ana nyumba, akaamka ana rundo la mabati.

Sasa, bisibisi. Mpangaji aliyeshindwa kulipa hatukugombana naye wala hatukumpeleka kortini. Tulimng'olea mlango. Karani alifika mchana kweupe, akafungua skrubu za bawaba, akauchukua mlango kichwani mpaka stoo ya ofisi, akauandika namba kwa chaki. Kukaa mjini katika chumba kisicho na mlango ni kukaa barabarani. Mwizi anakuona, jirani anakuona ukivaa, mbuzi anaingia na kula unga. Siku mbili hazikupita. Ama mtu alilipa na mlango ukarudi, ama alifunga godoro lake akahama.

Meneja alinifundisha na kanuni ya kazi hiyo. "Mlangoni salimia, lakini usiulize habari za ndani. Ukiuliza utajibiwa. Ukijibiwa, utarudi bila mlango."

Msimwone mkatili. Alikuwa mtoto wa familia ya wasafirishaji pale mjini, Mwislamu mcha Mungu, na nilipooa yeye ndiye aliyeninunulia kanzu. Aliamini kwamba huruma ya karani hulipwa na mwenye nyumba, mjane fulani mahali fulani anayengojea fedha zake. Nami nilimwamini. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na ningeamini chochote kilichosemwa na mtu mwenye meza.

Mlango wa kwanza niliong'oa, siku ile ile ya kupewa bisibisi, ulikuwa wa mzee mmoja fundi wa miavuli. Alinishikia bawaba ili zisidondoke vumbini, kisha akaniambia, "Asante, Karani." Hiyo asante ilinikera miaka mingi, heri angenitukana. Alihama siku ile ile, hakuonekana tena. Na kabla hatujapata mpangaji mwingine, Bwana Afya akaifunga nyumba ile ikabomolewa, mlango ukabaki stoo hauna pa kurudi.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini nilipotumwa kwenye nyumba ya vyumba sita, barabara ya kwenda Osukuru. Chumba cha nne alikaa Ochwo, Mjapadhola wa Kirewa, mchukuzi wa mizigo ya sokoni, aliyeanguka na baiskeli akavunjika mguu. Nilimkuta ameketi kizingitini, mguu umefungwa vijiti.

"Karani, mimi hapana kataa kulipa," akasema. "Mguu ndiyo nakataa."

Nikasalimia, sikuuliza kitu. Nilipofungua skrubu ya mwisho nikasikia ndani sauti ya kitoto kichanga, kile kilio chembamba cha siku mbili tatu. Basi nikajua mkewe yumo ndani ni mzazi, hajatoka bado. Katika kabila zote za pande zetu, mama aliyejifungua hukaa ndani siku zake kabla ya kuonwa na jua na watu. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Mlango ulikuwa umeshanielemea mabegani, na nyuma yangu chumba kikawa wazi. Niliona mkono wa mwanamke ukinyoosha shuka haraka kuziba uwazi. Nikaondoka. Hilo ndilo kosa la maisha yangu ya kazi, na nililifanya kwa kufuata kanuni sawasawa.

Siku ya pili yake akaja ofisini mwenye nyumba ile. Mama Ajiambo alikuwa Msamia wa Lumino, mjane mwenye watoto watano. Alilima muhogo na wimbi kwao, na mara mbili kwa mwaka alipanda basi kuja kuchukua kodi yake. Nyumba ile ilijengwa na marehemu mumewe, seremala wa reli, na ndiyo mali pekee aliyowaachia watoto. Mama alikuwa akisubiri kwenye benchi. Stoo ilikuwa wazi. Nikamwona anainuka taratibu, anapiga magoti mbele ya mlango ule wa Ochwo, anapapasa ubao wa chini. Pale palikuwa na samaki mdogo aliyechongwa kwa ncha ya patasi. Mumewe alimweka samaki yule kwenye kila mlango aliotengeneza.

"Karani," akaniita bila kugeuka. "Mulango ya mzee yangu nafanya nini hapa?"

Nikamweleza. Nilitaka kueleza kwa ufupi, ulimi ukakataa. Nikamwambia habari za mguu, za mtoto, za shuka. Akaketi sakafuni pale pale, magunia yetu ya chokaa upande huu na milango upande ule.

"Na ile pesa ya mwisho," akasema, "nilinunua watoto sare ya shule. Nilifurahi. Nilikuwa nasema, mzee bado nalisha sisi." Akanigeukia. "Sasa sema kweli, mwanangu. Kama ilikuwa nyumba ya mama yako, ungeacha kwa hawa watu, ama ungechukua mwenyewe?"

Chumba cha Meneja kilitenganishwa na stoo kwa ubao mwembamba, nami nilijua anasikia. Nilijua pia kwamba nina mke na mtoto njiani. Nikamwambia yote niliyoyajua. Kwamba akituachia, atapata kodi kwa wakati, chokaa itapakwa, Bwana Afya tutamalizana naye sisi, lakini atakula asichojua kimepatikanaje. Kwamba akichukua mwenyewe, Lumino ni mbali, wapangaji watamlilia, wengine kwa kweli na wengine kwa ujanja, na siku mfereji ukiziba yeye atakuwa shambani. Akikosea mara mbili, kiwanja kimekwenda, na watoto hawana kitu.

"Yote mbili iko na hatari," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Lakini nikiacha kwenu, hatari nabeba mtu mwingine." Akasimama, akajifunga leso kiunoni. "Nachukua nyumba yangu."

Meneja akatoka na faili mkononi, uso hauna hasira. "Mama, mimi sikukatazi. Lakini nakwambia, miezi sita utarudi hapa."

Mama alijaribu kuuinua ule mlango wa mvule, ukamshinda. Nikauchukua mimi. Tulipita mtaa mzima wa stesheni saa nne asubuhi, yeye mbele na mimi nyuma na mlango kichwani, na watu walionizoea nikitoka na milango majumbani walisimama kuniona nikiurudisha. Kwa Ochwo shuka lilikuwa bado linaning'inia. Mama Ajiambo hakuingia. Alisimama pembeni akaomba radhi kwa sauti, akiwa amegeuzia uso ukutani.

"Na huyo Karani narudi tena?" mwanamke akauliza kutoka ndani. "Alisahau kuchukua ukuta?"

Nikaharakisha kufunga bawaba, skrubu ikaanguka vumbini. Ochwo akaitafuta kwa vidole pale alipoketi, akanipa.

Mwezi haukwisha, nikahamishiwa tawi letu la Busia. "Roho yako si ya nyumba," Meneja akaniambia. "Busia utasimamia maduka. Maduka hayazai." Nilikaa huko mpakani miaka minne, nikisimamia fremu za wauza vitambaa na wauza samaki wakavu, kazi safi isiyo na bisibisi. Mke wangu aliipenda kazi hiyo kuliko nilivyoipenda mimi.

Basi la Mama Ajiambo lilipita Busia, kwa hiyo kila safari alishuka kunipa habari, na habari zenyewe hazikuwa nzuri. Mpangaji mmoja alihama na dirisha lake. Mwingine aliweka kuku chumbani. Alikuwa akisafiri kila mwezi, na shamba likawa magugu. Mwezi wa tano akashuka akiwa ameshika karatasi kwa mikono miwili. Mfereji ulikuwa umeziba, na Bwana Afya alikuwa ameandika notisi ya kwanza. Angerudi baada ya wiki tatu.

"Nirudi kwa Meneja?" akaniuliza, na machozi yakamtoka. "Alisema miezi sita. Sijafika hata hiyo."

Niliona aibu, maana nilikuwa nimemweleza hatari zote na sikumweleza njia. Nikamuuliza ni mpangaji gani anayeshinda pale nyumbani mchana kutwa. Ni Ochwo, akasema. Mguu uliunga vibaya, kazi ya uchukuzi imekwisha. Nikamwambia ampe uangalizi wa nyumba, akae chumba cha nne bila kodi, naye azibue mfereji, apake chokaa, na aseme mapema nani anaumwa na nani amesimamishwa kazi, ili mama ajue wa kuvumilia na wa kubana.

Akanishangaa. "Mtu alishindwa kulipa chumba moja, mimi nampa sita?"

"Mama, huyo anajua mlango ni nini."

Alilala na neno hilo usiku mmoja kwa shemeji yake pale Busia, asubuhi akapanda basi la Tororo badala ya kurudi Lumino. Siku ya ukaguzi niliomba ruhusa nikaenda. Sikulala vizuri kabla yake, niseme kweli, maana watoto watano walikuwa wananingojea mimi bila wenyewe kujua. Nilikuta kuta zinang'aa kwa chokaa mpya, mfereji unapitisha maji mpaka chini, na mke wa Ochwo anafagia ua, mtoto mgongoni. Aliniona. Hakunisalimia, lakini aliniletea kigoda.

Bwana Afya alichokonoa mfereji kwa fimbo, akachungulia chumba kimoja kimoja, akahesabu watu. Kisha akauliza kwa ukali, "Mwenye nyumba nani?" Mama Ajiambo akasogea mbele, karatasi ya notisi mikononi. Ochwo akajiinua kwa gongo lake.

"Mwenyewe huyu hapa, bwana. Lakini mambo ya nyumba uliza mimi."

Akaulizwa, akajibu kila kitu, mpaka siku na saa ya kuzibua mfereji. Bwana Afya akaandika, akakata karatasi, akampa. Nyumba imepita. Mama Ajiambo akavua kitambaa cha kichwa akafunika nacho uso, akalia kwa sauti, na mke wa Ochwo akamwekea mtoto mapajani kumtuliza.

Ningependa niseme kwamba tangu hapo ofisi yetu iliacha kung'oa milango. Haikuacha. Nilirudishwa Tororo nikapandishwa kuwa karani mkuu, na mimi mwenyewe niliwatuma wengine na bisibisi. Nilichoweza kubadilisha ni kimoja: karani wangu alilazimika kwenda mara ya kwanza mikono mitupu, akae, aulize habari za ndani, kisha arudi anieleze. Meneja aliita huo upuuzi, lakini hakuukataza. Siku moja tu aliniuliza, akiwa anafuta miwani, "Yule mama wa Lumino, hakurudi?" Nikasema hakurudi. Akatikisa kichwa akaendelea kufuta.

Nilistaafu bendera ya Mwingereza ilipokwisha kushushwa. Sikuomba zawadi ila moja, nayo ilikuwa stoo, imejaa vumbi: mlango wa fundi wa miavuli. Niliubeba kwa basi mpaka Busia, nikaupachika kwenye chumba kimoja kati ya vinne nilivyojenga kwa kiinua mgongo changu.

Sasa magoti yananisumbua, na binti yangu hanipi raha. "Baba, mpe wakala, upumzike." Si mjinga, ana haki. Wakala mwenyewe alikuja, kijana mpole, akanieleza vizuri. Akasema siku hizi hawang'oi mlango, wanapiga kufuli lao juu ya la mpangaji. Nikamkubalia vyumba vitatu, kwa sharti la kwenda kwanza mikono mitupu. Chumba cha nne nimekikatalia. Kila mwisho wa mwezi nachukua fimbo yangu, najikongoja mpaka pale, nabisha kwenye ubao ule ule nilioung'oa siku yangu ya kwanza. Ukifunguliwa, sitaji kodi. Nauliza watoto wameamkaje, kisha nasimama hapo hapo, nangoja nijibiwe.