Horia wa Kwenye Kompyuta

Mzee Pantelimon alinijia Jumamosi asubuhi, kidole kikiwa juu ya midomo. Hakunisalimia. Alipita moja kwa moja mpaka jikoni kwangu, akafungua bomba la maji hadi mwisho, ndipo akasema.

"Zenovia, binti yangu, wameingia ndani."

"Akina nani, mzee?"

"Shh! Wale."

Hapa mjini Brăila, mtu wa umri wake akisema "wale" humuulizi mara mbili. Mimi na yeye tunatazamana milango, na bili ya maji ya jengo letu hugawanywa kwa vichwa, kwa hiyo nimeyalipia mazungumzo yake ya siri miaka nenda miaka rudi bila kusikia hata moja. Siku hiyo angalau nilisikia.

"Kompyuta yetu imeota mtu," alisema. "Unaiwasha, unamkuta amekaa chini ya jina letu. Horia. Ana akaunti yake, na ameifunga kwa neno la siri. Mimi simjui Horia yeyote. Veta nimemwonyesha, kainua mabega tu."

"Labda ni mambo ya mitambo tu, mzee. Hizi mashine zina vituko."

"Mashine haimwiti mtu Horia. Hilo ni jina la kazi."

Nilitaka kucheka, lakini nilimtazama usoni nikaacha.

Ujanani mwake alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha meli. Siku moja rafiki zake walikaa mezani kusherehekea sikukuu ya mtakatifu ambaye mmoja wao alibeba jina lake, naye akatania kuhusu foleni ya nyama. Utani wenyewe hata hauchekeshi, nimeusikia. Mtu mmoja wa pale mezani akaupeleka kwa watu wa usalama wa utawala wa wakati ule. Wakamwita, wakamwita tena, wakamtoa kwenye umeme na kumtupa bohari ya rangi na kamba, akabaki kusubiri wamwite mara nyingine. Utawala ulipoanguka alikwenda kuuliza ni nani aliyemchongea. Akapewa jina la bandia peke yake: Mircea. Pale mezani hapakuwa na Mircea. Walikuwa rafiki zake watupu, na kwa kuwa hakujua amwache yupi, aliwaacha wote.

Basi akajifungia. Nyumba yake ikawa gereza ambalo yeye ni mfungwa na yeye ni askari, na mkewe Veta akafungwa naye bila kesi. Kila jambo la maana husemwa bomba likiwa wazi, maji yafunike sauti. Simu za wageni hutiwa kwenye sufuria na kufunikwa. Na mzee haulizi mtu swali, hata liwe dogo namna gani. "Wanaouliza ni wale," husema. Ukimwambia mguu unakuuma atakuhurumia kwa macho, lakini hathubutu kukuuliza ni upi.

Kilichombakia duniani ni Otilia, mtoto wake wa pekee, aliyekwenda Uhispania kutunza wazee wa watu. Ndiye aliyewanunulia hiyo kompyuta. Kila Jumapili baada ya ibada hupiga, na mzee hukaa mbele ya kioo amevaa koti, kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Huku kuna mvua. Huku kuna jua. Otilia akitaka kusema zaidi, baba yake humkatiza: "Utaniambia ukija." Na Otilia haji. Maongezi yao yalikuwa yamefupika mpaka yakawa ya kuagana tu, na mzee aliona wazi kwamba mtoto anamponyoka. Hilo hasa ndilo lililomleta kwangu.

"Wanamsikiliza mwanangu," aliniambia, maji yakimwagika. "Ndiyo maana siku hizi hasemi kitu. Anaogopa. Mfute huyo mtu, Zenovia. Kesho Jumapili. Mfute leo, ili mwanangu aongee na mimi."

Ningesema nini? Nilifunga bomba langu, nikamfuata.

Veta alikuwa sokoni. Kompyuta ilikuwa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, plasta ya kidonda imebandikwa kwenye tundu la kamera. Jumapili tu ndipo huibandua. Niliiwasha. Kweli bwana, chini ya jina lao palikuwa na Horia, na kando ya jina picha ya bata wa manjano.

"Mzee, watu wa usalama ndio hawa wenye vifaranga vya bata?"

"Ndivyo wanavyokuingia," alinong'ona. "Wangeweka picha ya bunduki?"

Nilipitia kwenye akaunti yao, nikafika mahali pa kufutia. Kompyuta ikaniuliza kama nabakiza vilivyomo au navitupa.

"Mzee, humu ndani kuna vitu, tena vingi. Nikibonyeza, haturudishi kitu."

"Ndicho ninachotaka."

"Hata huulizi ni vitu gani?"

"Siulizi."

Kidole changu kilikuwa juu ya kipanya mlango ulipofunguka. Veta aliingia na vitunguu vyake vya majani vimetoka nje ya kikapu, akatuona, akaona kioo. Kikapu kikaenda chini.

"Zeni, toa mkono hapo!"

Sikuwahi kusikia sauti ya Veta. Nasema kweli. Nilikuwa nimesikia minong'ono yake tu, ya ngazini na ya mlangoni. Hii ilitoka kifuani, nzito, na nadhani ghorofa zote mbili za juu ziliisikia.

"Veta, sauti," mzee alisema, akainuka kwenda jikoni kwenye bomba.

"Keti! Bomba liache. Sauti yangu ina nini? Wacha wasikie. Hao wale wako walishakufa, Panti, au wamekaa wanalea wajukuu. Wewe peke yako ndiye uliyebaki kazini."

Mzee akakaa. Veta naye alibaki amesimama, koti bado mwilini.

"Horia ni mjukuu wako. Anakaribia miaka mitatu."

Mimi mwenyewe nilikuwa sijui, na kusema kweli kiliniuma; mlango kwa mlango, supu tunagawana, halafu sijui. Lakini haikuwa zamu yangu ya kuumia.

"Jumapili tatu mfululizo," Veta alisema, "Otilia alikaa hapo mbele yako kukwambia ana mimba. Nawe, utaniambia ukija, utaniambia ukija. Ya tatu ukazima kabisa mashine, mwanao neno liko mdomoni. Akaniapisha. Akasema, siku baba akiniuliza hali yangu, aulize tu kama watu wanavyoulizana, nitamwambia mwenyewe. Asipouliza, asijue. Nimengoja uulize, mwanamume wewe. Mtoto kaota meno, nangoja. Katembea, nangoja."

"Na hiyo akaunti?" niliuliza mimi, maana mwingine asingeuliza.

"Otilia alinielekeza kwa simu, neno kwa neno, huyu akiwa chini uani anatazama wazee wakicheza mchezo wa rumi. Nilichoka kuishi bila kuongea na mtu, Zeni. Nilitaka chumba kimoja tu chenye mlango."

Nilitaka kumkemea mtu. Nikamtazama mzee, nikamtazama Veta, nikamfikiria Otilia na kiburi chake huko aliko, nikashindwa kuchagua. Mzee aliweka mikono magotini. Kisha akasema, polepole, kwa sauti ya mtu anayejaribu ngazi mbovu:

"Anafanana na nani?"

Veta alilia hapo hapo, bila hata kujifuta. Alikuja akanisukuma nitoke kitini, akaandika neno lake la siri kwa kidole kimoja, na kioo kikajaa mtoto: mtoto kwenye beseni, mtoto amejipaka maboga, mtoto amelala na kiatu. Paji la uso lilikuwa la mzee, pana vile vile, masikio yale yale yaliyosimama. Mzee aligusa kioo kwa ukucha, akaondoa mkono haraka. Veta akabandua plasta kwenye kamera, akapiga.

"Mama, mbona asubuhi hii?" Otilia alitokea akicheka, halafu akamwona baba yake. Kicheko kikakatika.

Mtoto ndiye aliyejipenyeza chini ya mkono wa mama yake, kijiko cha maziwa ya mgando kinywani. Akamkazia mzee macho. Na akamtambua, uso wote ulimfunguka.

"Shikamoo, jirani!"

Otilia alifunika mdomo kwa kiganja. Nilimtazama Veta, akainamisha kichwa. Baadaye aliniambia kwamba siku moja mzee alipanda mapema kutoka kwenye rumi, akapita nyuma yake kabla hajafunga kompyuta, na mtoto akauliza ni nani yule. Otilia alijibu la kwanza lililomjia, kwamba ni jirani, ili siku nyingine mtoto asije akamwita babu akaharibu mambo. Tangu hapo mtoto alikuwa akimuulizia jirani wa bibi.

"Mwambie mwenyewe," Veta alimwambia mumewe. "Leo sikusaidii."

Mzee alisogea mbele. Kule Uhispania mtoto alingoja, kijiko kinaning'inia. Niliona neno likimpanda mzee kooni, likafika midomoni, midomo ikaachana. Halafu macho yake yakateleza juu, kwenye kile kitundu cha kamera kilicho wazi, yakaganda hapo.

"Marahaba," alinong'ona. "Jirani hajambo."