Mtumbwi wa rubisi wa mama mkwe uliokuwa unawarudisha samaki mtoni, na jinsi ulivyoishia kwenye tanuri la mtambo

Wakuu, shikamooni mlio wakubwa. Rika langu, mambo vipi.

Ninayoyaandika hapa nimeyashika kwa mikono yangu, na shombo bado haijatoka kwenye kucha. Sijaongeza chumvi. Ila nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Wiki iliyopita nilimwaga ndoo ya samaki waliokufa juu ya meza ya kikao.

Meza yenye kitambaa cheupe, chupa za maji, sambusa, na wageni watano waliovaa kofia ngumu mpya. Sato mmoja aliteleza akaangukia kwenye mapaja ya msimamizi wangu. Mimi nimesimama pale na mabuti ya mpira, blauzi imelowa kifuani, maana muda wa kumnyonyesha mtoto ulikuwa umepita na maziwa hayajui kusubiri kikao.

Nikasema, "Hawa ndio mnaoandikiwa kwamba wamerudishwa mtoni. Wahesabuni wenyewe."

Msimamizi akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Koku, unajiharibia."

Nikamwambia nimeshaharibiwa, hii ni risiti yake.

Sasa twende taratibu, maana najua mtauliza samaki na kikao wapi na wapi.

Mimi ni mzaliwa wa Kituntu, Karagwe, nimeolewa huku Kyerwa karibu na mto Kagera. Nimeishia kidato cha nne. Nina binti mmoja, Kokugonza, tunamwita Koku, bado ananyonya. Baba Koku ni bodaboda, anaondoka kabla ya chai.

Karibu na kwetu kuna mtambo wa umeme wa watu binafsi. Jina silitaji, msinibembeleze. Unachoma maganda ya kahawa na magogo, unapata mvuke, mvuke unazungusha mashine. Mashine zikipata moto zinapoozwa kwa maji ya mto. Sasa pale maji yanapovutwa, samaki nao wanavutwa.

Kwa hiyo wameweka wavu mkubwa wa chuma. Samaki wanabanwa pale. Asubuhi wavu unanyanyuliwa, unapigwa maji, samaki wanaanguka kwenye mfereji wa bati unaotoka nje ya uzio kuelekea mtoni.

Kazi yangu ilikuwa kukaa mdomoni mwa ule mfereji. Natambua ni samaki gani, sato, furu, kambale au ningu. Namwekea rula. Naandika yu hai au amekufa. Cheo changu kwenye kitambulisho kilikuwa kirefu kuliko mimi, "Mfuatiliaji wa Viumbe wa Majini". Majirani walinicheka mpaka wakachoka. Mama Koku ameajiriwa kuwachungulia samaki!

Na mimi niliipenda ile kazi. Niseme ukweli.

Shida ilikuwa moja. Mfereji ulijengwa wakati wa masika, mto umejaa mpaka majani. Kiangazi kilipokuja, maji yakarudi nyuma. Mfereji ukabaki unaning'inia juu ya mawe. Samaki anatoka akiwa mzima, anaruka hewani, anapiga jiwe. Pembeni ndege yangeyange wamejipanga kama watu wanaosubiri pilau.

Nilimuuliza msimamizi, "Huyu aliyeangukia mawe namwandikaje?"

"Alitoka kwenye mfereji akiwa hai?"

"Ndiyo."

"Basi andika amerudishwa mtoni."

"Lakini mto uko kule, kaka."

"Mama Koku, kazi yetu inaishia kwenye mfereji."

Hiyo sentensi nimelala nayo sana.

Nikawa nashuka mwenyewe na ndoo kuwaokota. Ukibeba hawa, wale wanakauka. Kaka Yohana, ndiye anayenyanyua ule wavu, akimaliza zamu yake alikuwa anakuja kunisaidia. Ananiita shemeji kwa sababu anatoka kijiji kimoja na mume wangu. Wazee wake walitoka Burundi, na ana utani kama ameulipia ada.

Mama mkwe aliingia kwenye hii habari kwa sababu ya maziwa. Kila siku muda wa chai alikuwa ananiletea Koku pale nje ya uzio. Mimi nanyonyesha, yeye anakaa juu ya jiwe ananilalamikia jua.

Siku moja nimempakata Koku, nikamwambia, "Mama, nichungulilie ile ndoo kama bado wanapumua."

Akainama. Akanyamaza.

Mama mkwe wangu hanyamazi, wakuu. Huyu ni mtu anayemsalimia mpita njia mpaka amjue bibi yake. Nikanyanyuka na mtoto ziwani nikaenda kuangalia.

Ndani kulikuwa na sato jike, mkubwa kama kiganja. Alikuwa ametulia chini. Akafungua mdomo, na vitoto vikatoka. Vidogo kama mbegu za ulezi, vina macho. Vikazagaa mbele ya uso wake. Kivuli cha mama mkwe kilipopita juu ya maji, vyote vikakimbilia mdomoni, na yeye akafunga.

Kwa wasiojua, sato anatunza watoto mdomoni. Na muda wote huo hali chochote. Mimi nilikuwa nimeshajua kwa sababu ya kazi, lakini kujua na kuona huku unanyonyesha ni vitu viwili tofauti.

Mama mkwe akasema, "Waitu! Huyu naye amebeba."

Kisha akaangalia mfereji, akaangalia mawe. "Na wanamtupa pale?"

"Pale pale, mama."

"Akiwa na watoto mdomoni?"

"Akigonga jiwe anawatema."

Akamfunga Koku mgongoni akaondoka bila kuniaga.

Kesho yake akaja na vijana wa jirani wamebeba mtumbwi wake.

Ndugu zangu wa mikoa mingine, msifikirie mtumbwi wa kuvulia. Huku kwetu ni chombo kirefu cha mti, kimechongwa kwenye gogo moja, cha kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi. Unaweka ndizi zilizoiva na nyasi, wanaume wanaingia kukanyaga. Huu aliuchonga marehemu baba mkwe. Mama mkwe anauza rubisi, ndiyo sabuni yake na chumvi yake. Na yeye ameuleta tuuweke chini ya mfereji ili samaki waangukie kwenye maji.

Nikaupangusa kwa nyasi kama tunavyoufanyia nyumbani siku zote, nikajaza maji ya mto. Hapo ndipo tulipofanya ujinga, na ni ujinga ambao mtu asiye wa kwetu asingeuweza.

Ule mtumbwi ulikuwa umekamuliwa pombe jana yake. Na mti ule umenywa rubisi miaka na miaka.

Samaki wakaanza kuingia. Baada ya muda furu mmoja akaanza kuogelea ubavu. Sato akafuata. Kambale akageuza tumbo juu, akatulia kama mtu aliyelala msibani.

Yohana akaja, akaangalia. "Shemeji, hawa umewapa chai ya wapi?"

Mama mkwe naye, "Hata marehemu alikuwa anaanza hivyo hivyo, kichwa upande."

Nilicheka huku nalia, wakuu. Sijui kama ni pombe au ni uchachu wa mti, mtaalamu anisaidie. Tuliwahamishia kwenye ndoo za maji mapya mbio mbio. Wengi walizinduka. Wachache hapana, na hao niliwaandika kama wafu, kwa mkono wangu, japo aliyewaua ni mimi.

Tukauzamisha mtumbwi mtoni, tukaukandamiza kwa mawe, tukauacha hadi maji yake yakawa hayanuki. Tukajaribu tena. Safari hii samaki walikaa wima.

Ila mtumbwi umejaa maji na samaki, nani anaubeba mpaka mtoni? Tulijaribu mimi, Yohana na mama mkwe, haukusogea hata kidogo.

Mama mkwe akakaa juu ya jiwe lake, akauangalia kwa muda. Akamwambia Yohana, "Kata ncha zote mbili."

Nikasema, "Mama, ukikatwa haushiki pombe tena."

"Wewe ndiye unanifundisha mtumbwi?"

"Mama, rubisi utakamulia wapi?"

"Nitaazima. Wanawake tunaazimana. Huyu wa mdomoni ataazima wapi?"

Yohana alishika msumeno akawa hakati, anamwangalia. Mama mkwe akageukia upande wa pili akaanza kumwimbia Koku. Alipoanza kuimba ndipo Yohana akakata.

Tukaulaza juu ya mawe, kichwa kwenye mfereji, mkia majini. Ukawa mfereji. Asubuhi iliyofuata samaki wakateleza mpaka mtoni wenyewe, chap, chap, chap. Yangeyange walisimama pale wanatushangaa, mwisho wakahama.

Kwa mara ya kwanza nikaandika "amerudishwa mtoni" na moyo wangu ukakubali.

Nilikuwa namnyonyesha Koku pale pembeni, yeye anageuza kichwa kila samaki akipita, anaachia ziwa, anacheka, anarudi. Kama nilishawahi kuwa na kazi nzuri maishani ni hiyo.

Msimamizi aliuona. Akapita zake.

Ikaja habari ya wageni. Wageni wa ufadhili, wanataka kuona mazingira yanavyotunzwa. Tukafagia, tukapaka chokaa mawe ya njiani. Jioni nikaondoka, mtumbwi uko pale.

Asubuhi nafika, mtumbwi hakuna. Mfereji unaning'inia kama zamani. Kwenye mawe samaki wametapakaa, yangeyange wamerudi. Na palikuwa na sato jike, mdomo wazi, na vitoto vyake vimemwagika mbele yake juu ya jiwe kavu. Havikuwa na pa kukimbilia.

Nikamuuliza Yohana, mtumbwi uko wapi. Hakunitania siku hiyo. Akaangalia bomba la moshi.

Wakuu, wameukatakata wakautia kwenye tanuri! Mtambo unachoma kuni, wao waliona kuni.

Nikamfuata msimamizi. Akasema, kwa utulivu kabisa, "Ulikuwa unachafua mandhari. Wageni wataona gogo la pombe kwenye mradi?"

"Ulikuwa wa mama mkwe wangu. Ungeniambia niubebe."

"Tutaongea wageni wakiondoka."

Nikarudi kwenye mawe nikajaza ndoo, nikaingia nayo ndani. Muda wa chai ukafika, nikasikia Koku analia nje ya uzio, geti limefungwa kwa sababu ya wageni. Nimemsikia mwanangu analia na njaa, maziwa yanatiririka, na ndoo yenye yule sato mama iko mkononi.

Basi. Meza mmeshaisikia.

Mgeni mmoja mama wa makamo aliuliza, "Huyu ana nini mdomoni?" Kitoto kimoja kilikuwa kimebaki. Nikamweleza. Aliandika kitu, sijui nini. Mimi nilinyang'anywa kitambulisho kabla ya chakula cha mchana.

Kazi kubwa ilikuwa kumwambia mama mkwe. Alikuwa ananisubiri chini ya kivuli cha ukuta, Koku amelala kwa kulia.

Nikamwambia, "Mama, mtumbwi wameuchoma."

Akauliza, "Uliwaka?"

"Yohana anasema uliwaka sana."

"Haya. Mti wa mzee haukuwahi kuwa mvivu."

Akanipa mtoto ninyonyeshe. Tukaenda nyumbani. Njiani alinishika mkono, na huyu mama hajawahi kunishika mkono tangu siku ya harusi.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akikwambia kazi yake inaishia mahali fulani, nenda kaangalie kinachoangukia hapo. Na pili, usimalize hasira yako mezani. Meza inafutwa na kitambaa. Mimi ilibidi niende ofisi ya kata, na mtendaji akanielekeza vizuri tu kwamba niandike malalamiko, yapite kwake yaende kwa afisa mazingira wa wilaya. Nimeandika, yamepigwa muhuri wa kupokelewa.

Mtakaosema nilikosea kumwaga samaki mbele ya wageni, semeni, ngozi yangu ngumu. Wanaojua sheria za maji na wanaofuga sato, nawaomba sana mchangie, na kama nimekosea mahali nielekezeni. Barua yenyewe hii hapa, majina nimeyaondoa. Yaliyobaki ni kama nilivyoyapeleka:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MFEREJI WA KURUDISHA SAMAKI USIOFIKA MTONI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa kata hii na nilikuwa mfuatiliaji wa viumbe wa majini katika mtambo uliotajwa. Nalalamika kuwa kiangazi hiki mfereji wa kurudisha samaki unaishia juu ya mawe, na samaki wanaofia hapo wanaandikwa kuwa wamerudishwa mtoni. Baadhi ya hayo niliyaandika mimi kwa maelekezo, na niko tayari kuitwa kuyaeleza.

Nalalamika pia kuwa mtumbwi wa mama mkwe wangu, uliokuwa unawafikisha samaki majini, ulichomwa bila yeye kuulizwa.

Naomba ofisi yako ifike eneo husika asubuhi, wavu unaponyanyuliwa, na siyo siku ya wageni.

Naomba mfereji uongezwe hadi kwenye maji, kiangazi na masika, na samaki asiandikwe amerudishwa mpaka aonekane ameondoka kwa mkia wake mwenyewe.

Kuhusu fidia, mwenye mtumbwi hajui kuandika, ameweka dole gumba hapa chini na ameniagiza niandike maneno yake kama alivyoyasema: "Mfereji ukifika majini, mtumbwi siudai."